Louis Leakey na Hesabu ya Miaka Isiyojulikana

Katika mitihani ya hisabati hutokea swali la namna ya pekee ambalo halimtaki mtahiniwa atafute namba. Huambiwa kuwa kuna namba mbili zisizojulikana, tuseme A na B. Hupewa dokezo moja au mawili, kisha huulizwa iwapo madokezo hayo yanatosha kuamua ipi ni kubwa kati yake. Anaweza kujibu kuwa yanatosha ilhali hajui A ni ngapi wala B ni ngapi. Akiambiwa kuwa A inaizidi B kwa tatu, swali limekwisha. Akiambiwa kuwa A inaizidi C, na kwamba D inaizidi B, hajaambiwa lolote kuhusu A na B, hata madokezo ya aina hiyo yawe ishirini. Wengi hukosea hapa si kwa kushindwa kukokotoa, bali kwa kuongeza kimoyomoyo dokezo la tatu ambalo hawakupewa.

Mwanaakiolojia Louis Leakey aliishi ndani ya swali hilo kwa takriban nusu karne. Aliliingia kwa dhati kwa mara ya kwanza karibu na mji wa Nakuru, katika mapango na fuo kavu za Bonde la Ufa. Namba zake zilikuwa umri wa vitu: umri wa tabaka la udongo, wa kisu cha jiwe, wa fuvu la mtu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake hapakuwa na chombo cha kumpa hata namba moja kati ya hizo. Alichoweza kufanya ni kulinganisha tu.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika misheni ya Kabete, karibu na Nairobi, wazazi wake wakiwa wamishonari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Alikua akizungumza Kikuyu sawa na watoto wenzake wa Kabete, akatahiriwa pamoja na rika la Mukanda, na kupewa jina la Wakaruigi. Alipokuwa kijana mdogo alipata kitabu cha watoto kilichosimulia habari za watu wa kale wa Ulaya na zana zao za mawe ya gumegume. Hakujua gumegume lina sura gani. Akaanza kuokota vipande vyeusi vya kioo cha volkeno, yaani obsidiani, vilivyotapakaa katika barabara na makorongo, akidhani ndivyo vinavyotajwa. Jiwe halikuwa lile la kitabuni, lakini Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alimthibitishia kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa zana kweli. Kwa dokezo lenye kasoro kijana alifikia jibu sahihi. Jambo hilo lilimpa imani kubwa katika hisia zake mwenyewe, na imani hiyo ilikuja kumfaa na kumponza kwa kiasi kinachokaribiana.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba Kikuyu kilikubaliwa na chuo hicho kuwa mojawapo ya lugha alizotahiniwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa lugha ya Kiafrika wakati huo. Jeraha la kichwa alilolipata katika mchezo wa raga lilimlazimu kusimamisha masomo, na mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, pamoja na msafara wa Makumbusho ya Uingereza uliokuwa ukichimba mifupa ya dinosaria. Alirudi Cambridge, akamaliza mwaka 1926 kwa kufaulu vizuri sana, na mwaka huohuo akapanda meli kurejea Kenya akiwa kiongozi wa msafara wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nakuru, palipokuwa na makaburi ya kale. Kutoka hapo alielekea Elmenteita, na katika shamba la mlowezi aliyeitwa Gamble akaonyeshwa pango lililochongwa na maji katika ukingo wa mwamba. Kilichochonga hapo kilikuwa mawimbi ya ziwa, ingawa pango liko zaidi ya mita 150 juu ya usawa wa maziwa ya Nakuru na Elmenteita. Chini kabisa ya pango palikuwa na kokoto za ufuo. Juu ya kokoto yalifuata matabaka ya majivu, udongo, mifupa na zana, moja juu ya jingine, hadi unene wa zaidi ya mita 8. Leakey na wenzake walilichimba katika msafara wa kwanza na kulirudia katika msafara wa pili wa 1928 na 1929. Walikuta mifupa ya watu waliozikwa, na maelfu ya vipande vya obsidiani vilivyochongwa kwa ustadi.

Pango la Gamble ni mfano safi wa swali la A na B. Tabaka la chini lililazwa kabla ya la juu. Kwa hiyo umri wa la chini unauzidi umri wa la juu. Hakuna haja ya kujua miaka. Zana za visu vyembamba vya obsidiani zilitoka chini, na zana za namna nyingine, ambazo Leakey aliziita za Elmenteita, zilitoka juu. Basi watengenezaji wa zile za kwanza waliwatangulia wa pili mahali hapo. Hukumu hii ilikuwa ya haki wakati ule na imebaki ya haki hadi leo, ijapokuwa majina yamebadilika na zana za chini sasa huitwa za Eburran, kwa jina la mlima Eburru ulio karibu. Kitabu chake cha 1931 kuhusu tamaduni za Zama za Mawe katika koloni la Kenya kilisimama juu ya mfuatano huu.

Hata hivyo, pango moja haliandiki historia ya nchi nzima. Leakey alitaka kujua kama watu wa pango la Gamble waliwatangulia au waliwafuata watu wa Kariandusi, mahali penye shoka za mawe ng'ambo ya pili ya bonde la Elmenteita, palipogunduliwa wakati wa msafara wa pili. Alitaka pia kuwalinganisha na watu wa Olduvai huko Tanganyika, na hata na watu wa Ulaya. Katika kila mahali alikuwa na ngazi yake ya matabaka. Alichokosa ni kamba ya kuzifunga ngazi hizo pamoja.

Kamba aliyoichagua ni mvua. Fuo kavu zilizo juu ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Naivasha zilionyesha wazi kwamba maziwa hayo yaliwahi kuwa makubwa mno. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alikuwa tayari ameeleza fikra kwamba Afrika ilipitia vipindi virefu vya mvua nyingi, pengine sambamba na vipindi vya barafu kuu katika Ulaya. Leakey aliichukua fikra hiyo na kuijenga kwa majina ya nchi anayoijua: kipindi cha Kamasian kutoka vilima vya Kamasia, cha Gamblian kutoka pango la Gamble, na vile vidogo vya mwisho, Makalian na Nakuran, kutoka mto Makalia na mji wa Nakuru. Kwa mtu wa isimu hii ni habari yenye ladha yake, kwani mito na mashamba ya Bonde la Ufa yalikuwa yakigeuzwa istilahi za kupimia bara zima.

Kasoro ya hesabu hii ni ileile ya mtahiniwa anayeongeza dokezo la tatu. Kama mvua zilizojaza ziwa la Nakuru ndizo zilizojaza maziwa mengine kwa wakati mmoja, basi ufuo wa mahali pamoja unaweza kulinganishwa na ufuo wa mahali pengine. Lakini neno hilo kama ndilo lililohitaji kuthibitishwa. Ziwa la Bonde la Ufa huweza kupanda kwa sababu ardhi imenyanyuka au kuzama, au kwa sababu lava imeziba njia ya maji. Zaidi ya hayo, mara kwa mara umri wa ufuo ulikisiwa kwa zana zilizookotwa juu yake, na umri wa zana ukakisiwa kwa ufuo zilipookotwa. Zile zana za visu vya obsidiani alizipa jina la Aurignacian, jina la utamaduni wa kale wa Ufaransa, kana kwamba kufanana kwa umbo ni ushahidi wa ujirani wa wakati. Haikuwa hila. Kwa kijana aliyefunza macho yake kwa kuokota mawe barabarani, kufanana kulikuwa hoja yenye uzito.

Onyo la kwanza lilitoka Olduvai. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alikuwa amechimba hapo kiunzi cha mtu ndani ya tabaka la pili, lenye mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Leakey mwanzoni alishuku, lakini mwaka 1931 alipofika Olduvai pamoja na Reck aligeuka na kukubali kwamba kiunzi kilikuwa na umri wa tabaka hilo. Uchunguzi wa udongo ulioshikamana na mifupa, ambao mwanajiolojia Percy Boswell alishiriki, ulionyesha vingine: maiti ilikuwa imezikwa kwa kuchimbiwa kaburi ndani ya tabaka la kale. Mwaka 1933 Leakey na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuifuta kauli yao. Kanuni ya kwamba cha chini ni cha kale zaidi ilibaki kweli, ila yahitaji sharti la pili, kwamba hakuna aliyekipitisha kitu hicho kutoka juu kwenda chini. Wazee wanaochimba makaburi hawakuwafikiria wanaakiolojia.

Onyo la pili lilikuwa chungu zaidi. Mwaka 1932, huko Kanam katika rasi ya Homa kando ya ziwa Victoria, Juma Gitau, aliyekuwa katika kikosi cha Leakey, alipata kipande cha taya la binadamu. Siku hizohizo vipande vya mafuvu vilipatikana Kanjera. Leakey alitangaza kwamba taya hilo ni la binadamu wa kale kupita wote wa jamii ya watu wa leo, na mkutano wa wataalamu uliofanyika Cambridge mwaka 1933 ulimpongeza. Boswell hakuridhika. Januari 1935 alifika mwenyewe Kanam ili aonyeshwe mahali. Vigingi vya chuma alivyovipanda Leakey kuwa alama havikuwapo tena. Picha iliyokuwa imetolewa kuonyesha mahali pa ugunduzi ikabainika kuwa ya mahali pengine. Mwezi Machi wa mwaka huo Boswell aliandika katika Nature kwamba ushahidi hautoshi.

Yafaa kusoma hukumu ya Boswell kwa makini, kwani waliomkasirikia Leakey na waliomtetea wote waliipotosha. Kutotosha kwa taarifa si sawa na jibu la hapana. Boswell hakuthibitisha kuwa taya ni la juzi; alionyesha kwamba hakuna aliyeweza tena kusema lilitoka tabaka lipi, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kulilinganisha na chochote. Leakey, kwa upande wake, alilichukua jambo hilo kama tusi na hakuacha kudai kwamba alikuwa amesema kweli. Pengine kosa lake kubwa katika maisha ya kitaaluma ni hili la kutotofautisha kati ya kuambiwa kuwa amekosea na kuambiwa kuwa hajaonyesha.

Wakati huo maisha yake ya nyumbani nayo yalikuwa yamevurugika. Alimwacha mkewe Frida, akamwoa Mary Nicol mwaka 1936, na mlango wa kazi Cambridge ukafungwa. Wawili hao walikuja Kenya. Louis alishika kazi ya kuandika mila na desturi za Wakikuyu, kazi kubwa ambayo ilichapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mary alichimba.

Hapo Nakuru inarudi katika habari hizi, na inarudi kwa mkono wa mtu mwenye subira kuliko mumewe. Mwaka 1937 na 1938 Mary alichimba Hyrax Hill, kilima kidogo kandokando ya mji ambacho Louis alikuwa amekiona mwaka 1926. Alikuta makaburi na makazi ya nyakati mbalimbali, akayapanga kwa kutazama lipi limelikata au kulifunika lipi, bila haraka ya kuyafungamanisha na bara zima. Juu ya mwamba wa kilima hicho yamechongwa mashimo ya kuchezea bao. Mchezaji yeyote wa bao atayatambua mara moja, lakini hakuna anayeweza kusema ni ya lini kwa kuyatazama. Shimo katika mwamba mtupu halina tabaka juu yake wala chini yake. Halina A ya kulizidi wala B ya kuzidiwa nalo. Mwaka 1938 Louis na Mary walichimba kwa pamoja pango la mto Njoro. Humo miili ya makumi ya watu ilikuwa imechomwa na kuwekwa pamoja na bakuli za mawe na shanga za vito. Taarifa yao, iliyotoka mwaka 1950, ilieleza kwa uangalifu kilichokuwa pamoja na kingine. Vipimo vilipokuja kufanyika, pango hilo lilipata umri wa takriban miaka 3,000.

Kuanzia 1941 Louis alilisimamia Jumba la Makumbusho la Coryndon mjini Nairobi, na Januari 1947 aliandaa humo mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale. Mkutano uliridhia majina ya vipindi vya mvua, Kageran, Kamasian, Gamblian na vile vidogo vya Makalian na Nakuran, yawe kipimo cha pamoja. Shamba la Gamble sasa lilikuwa katika vitabu vya wanafunzi kutoka Misri hadi Rasi. Miaka michache baadaye alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria, hadi mawakili wa utetezi walipopinga tafsiri na msimamo wake, naye akajitoa. Umilisi wake wa Kikuyu haukuwa na shaka. Kilichotiliwa shaka ni kama mtu aliyekwisha kuandika dhidi ya Mau Mau angeweza kusimama katikati.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary aliona fuvu katika tabaka la kwanza la Olduvai. Louis alilipa jina la Zinjanthropus, akitumia lile neno Zinj ambalo Waarabu waliitia pwani yetu tangu kale. Nafasi ya fuvu safari hii haikuwa na ubishi. Lilikuwa katika tabaka lake, limepigwa picha, limepimwa. Umri wake Leakey aliukisia kuwa zaidi ya miaka 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California walipima majivu ya volkeno ya tabaka hilo kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75. Kulinganisha kulikuwa kumemwambia Leakey kipi kilitangulia. Kamwe hakukuwa kumemwambia kwa kiasi gani. Aliyezoea kushutumiwa kwa kutia chumvi alikuwa, katika ugunduzi mkubwa kuliko wote, amekisia karibu theluthi moja tu ya umri wa kweli.

Kipimo kilichompa ushindi Olduvai ndicho, pamoja na kile cha kaboni kilichobuniwa na Willard Libby wa Chicago, kilichobomoa kazi yake ya Bonde la Ufa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanajiolojia H. B. S. Cooke na R. F. Flint walikwisha kuonyesha jinsi msingi wa vipindi vya mvua ulivyokuwa dhaifu, na mwaka 1965 wataalamu waliokutana Burg Wartenstein, Austria, walipendekeza majina hayo yaachwe kutumiwa kama kipimo cha wakati. Machi 1972 Karl Butzer, Glynn Isaac, Jonathan Richardson na Celia Washbourn-Kamau walichapisha katika jarida la Science umri wa fuo za maziwa ya Afrika Mashariki kwa kaboni. Ziwa kubwa lililounganisha Nakuru na Elmenteita, lile lililochonga pango la Gamble, lilikuwa limejaa kati ya miaka 10,000 na 8,000 hivi iliyopita. Visu vya obsidiani vilivyolala juu ya kokoto zake havingeweza kuwa rika la Aurignacian ya Ulaya, ambayo ni ya makumi ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo Gamblian ikatoka vitabuni. Mfuatano wa ndani ya pango haukuguswa: zana za Eburran zingali chini, za Elmenteita zingali juu.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, miezi saba baada ya makala hayo kutoka, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake. Taya la Kanam lilibaki London. Wataalamu wengi hawalihesabu tena miongoni mwa mabaki ya kale, na tabaka lililolitoa halijapata kujulikana.